Kutoka Moshi hadi resi za ngalawa Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Dada yangu ameolewa Unguja, kijiji cha pwani ya mashariki, na mumewe ni nahodha. Ndiyo njia niliyopitia mimi, mzaliwa wa Kibosho, kuingia kwenye resi za ngalawa. Tangu hapo watu wa Moshi na Arusha hunipigia simu wakitaka nao waende, na maswali yao yanafanana. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa jinsi ninavyojua, kwa faida ya mtu wa huku juu anayetaka kushuka baharini akiwa na nia njema.

Resi za ngalawa ni nini hasa?

Ni mashindano ya vyombo vya tanga vya wavuvi wenyewe. Ngalawa ni mtumbwi uliochongwa kwenye gogo moja, mara nyingi la mwembe, kisha ukawekewa mabawa mawili ya mbao, moja kila upande, yanayoitwa marengu. Marengu ndiyo yanayouzuia mtumbwi mwembamba kama ule usilale ubavu. Juu yake kuna mlingoti mfupi, foromali (mti mrefu unaobeba tanga) iliyofungwa kwa mshazari, na tanga moja la pembe tatu. Mashine hairuhusiwi. Vyombo hupangwa ufukweni au kwenye mstari majini, ishara hutolewa, matanga hutwekwa, na kila mmoja huzunguka maboya yaliyowekwa kisha kurudi alikotoka.

Chombo unachokiona kinashindana Jumapili ndicho kilichovua Jumamosi, na Jumatatu kitarudi kazini. Hilo liweke moyoni kabla ya mengine yote. Ukivunja rengu kwa uzembe, umevunja jiko la mtu.

Mimi ni mtu wa bara. Sijawahi kupanda chombo cha tanga. Nitaruhusiwa kushindana?

Utaruhusiwa ukiwa baharia wa mtu, si nahodha. Na usisikitike kwa hilo.

Sisi wa Kilimanjaro tunalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Kila siku tunawaona wageni wakishuka kwenye magari pale Marangu au Machame, wengine wamekimbia marathoni kwao, wana viatu vya bei kubwa na vifua vya chuma. Hata hivyo haruhusiwi mtu kupanda bila gaidi, ndivyo tunavyowaita waongoza wageni wa mlimani, na gaidi akisema "pole pole" anajua anachosema, maana mita 5,895 hazijali umekimbia marathoni ngapi. Tumeona wasiosikiliza wakishushwa kwa machela. Basi ukifika dikoni, yaani pale ufukweni vyombo vinapoegeshwa, yule mgeni mwenye viatu vipya ni wewe. Nahodha ndiye gaidi. Ameyajua maji yale tangu akiwa mtoto, anajua mwamba uko wapi bila kuuona, na akikuambia keti, keti.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na watu wa pwani huo msemo wanautumia kwa maana yake halisi. Mwaka wa kwanza kulikuwa na mwenzetu mmoja, mwanamume mzima mwenye cheo kazini kwake, aliyeanza kumweleza nahodha pa kupitisha chombo. Nahodha hakubishana naye. Alipinda usukani, akatua tanga, akamshusha kwenye maji ya magotini, kisha akaendelea na mazoezi. Jioni walikunywa chai pamoja vizuri kabisa, ila kwenye resi yule bwana alitazama kutoka ufukweni.

Ni lazima nijue kuogelea?

Ndiyo. Hapa sina njia ya kati.

Utawasikia watu wakisema wavuvi wengine wenyewe hawajui kuogelea. Huenda ni kweli kwa baadhi yao, lakini yule ana miaka ishirini ya kujua mkono ushike wapi chombo kinapolala. Wewe huna. Ninachotaka kwa kila anayekwenda nasi ni mambo mawili: aweze kuelea chali dakika kumi bila kuhangaika, na aweze kuogelea mita hamsini akiwa amevaa fulana na kaptula. Nguo zikilowa zinavuta, na hilo ni afadhali ulijue bwawani.

Jambo moja la kukutia moyo: maji ya chumvi hubeba mwili vizuri kuliko maji baridi ya huku kwetu. Ukielea Moshi, Unguja utaelea zaidi.

Nifanye mazoezi wapi wakati naishi Moshi au Arusha?

Anza na bwawa la kuogelea lenye mwalimu. Moshi mjini yapo, Arusha yapo. Miezi mitatu, mara mbili kwa wiki, inatosha kumtoa mtu kwenye woga.

Ukishazoea, nenda Chemka, kule upande wa Rundugai. Maji yake ni maangavu na ya uvuguvugu, na yana kina cha kutosha cha kukufundisha kwamba miguu kutogusa chini si msiba. Nenda siku ya kazi, maana wikiendi utaogelea juu ya vichwa vya watu. Walio Arusha wana Ziwa Duluti pale Tengeru, ambako hukodishwa mitumbwi ya kupiga kafi. Hakuna tanga pale, lakini utajifunza kukaa kwenye chombo chembamba: uzito chini, kiuno kilegee, usisimame ghafla. Nusu ya ubaharia ni hiyo.

Usiende kujifunzia Ziwa Chala wala Nyumba ya Mungu. Chala ukingo wake ni genge, kina huanza pale pale, na mamba wamewahi kuua mtu. Nyumba ya Mungu ina mamba na viboko, na wavuvi wa kule wanawaheshimu. Bwawa lile tulitazame tu kwa upendo, kwa kuwa maji yanayotoka pale hushika Mto Pangani na kwenda kumwagika Bahari ya Hindi. Mimi hufurahi sana nikikumbuka kwamba mvua ya Kibosho hufika baharini kabla yangu.

Resi hufanyika lini?

Kalenda ya kijiji haikai kwenye karatasi. Inakaa kwenye upepo na mwezi.

Pwani ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, na Kusi huanza kushika wakati wa masika na kuendelea hadi karibu Septemba, kali zaidi katikati ya mwaka. Kati ya pepo hizo kuna malelezi, kipindi ambacho upepo hauna msimamo. Leo huku, kesho kule, keshokutwa kimya. Resi hupangwa palipo na upepo wa kuaminika. Nyingi huambatana na sherehe: sikukuu za Idi, sherehe za kitaifa, matamasha ya vijiji. Tamasha la Nchi za Jahazi la Unguja, ambalo wengi mnalijua kwa filamu, nalo limekuwa na mbio za ngalawa.

Halafu kuna maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huja bamvua, na hapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa kule Unguja hukaribia mita 4. Pwani ya mashariki maji ya kupwa hurudi nyuma mpaka ule uwanja wote ukawa mchanga na mawe, kina mama wakitembea kwenda mashamba ya mwani. Resi haiwezi kufanyika hapo. Kwa hiyo ukiuliza "inaanza saa ngapi?" na ukajibiwa "maji yakijaa", umejibiwa kikamilifu. Mtu wa Moshi aliyezoea basi la saa kumi na mbili kamili huona kama amezungushwa. Hajazungushwa.

Nitapataje nafasi? Kuna fomu ya kujaza?

Fomu inaweza kuwapo kwa chombo, kwa kuwa kamati huandika jina la ngalawa na nahodha wake. Kwa baharia hakuna. Nafasi yako inatoka kwa nahodha mmoja mmoja, na nahodha humchukua mtu anayemjua au aliyeletwa na anayemjua.

Kama huna ndugu, nenda kijijini siku kumi kabla, si siku moja. Jitambulishe kwa sheha, ambaye ndiye kiongozi wa shehia, kisha nenda dikoni asubuhi vyombo vinaporudi. Salimia wazee. Saidia kuvuta ngalawa nchi kavu. Hakuna atakayekuomba, shika tu ubavuni pamoja na wengine mkisukuma kwa mpigo mmoja. Fanya hivyo siku tatu. Siku ya nne mtu atakuuliza umetoka wapi, na hapo mazungumzo yameanza.

Usimlipe mtu yeyote fedha za "usajili" ukiwa bado uko bara. Mimi nililipa. Kabla shemeji yangu hajapata ngalawa yake, kulikuwa na mtu Dar es Salaam aliyeniahidi nafasi kwa mimi na wenzangu wawili, akapokea fedha kwa simu, akatupa jina la kijiji na tarehe. Tulifika. Dikoni hapakuwa na mtu aliyemjua, na resi ilikuwa imekwisha wiki iliyotangulia. Wavuvi walituonea huruma wakatupa samaki. Tulirudi Moshi bila kulowa miguu, na mwenzetu mmoja hajawahi kukubali kwenda tena.

Ndani ya ngalawa nitafanya kazi gani?

Kwa uwezekano mkubwa utafua maji. Ngalawa inakwenda mbio, mawimbi yanaruka ndani, na mtumbwi ukishika maji unakuwa mzito. Utapewa dumu la lita tano lililokatwa mdomo, utakaa chini katikati, na utachota na kumwaga tangu ishara ya kuanza hadi mwisho. Mwaga upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, la sivyo maji yote yatarudi usoni mwa nahodha.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza, na niliifanya resi mbili nzima. Nataka niseme wazi kwamba si kazi ya kudharauliwa. Mwaka ule wa pili tulimpita mpinzani wetu kwenye boya la mwisho, na shemeji alisema mbele ya watu kwamba ngalawa yake ilikuwa kavu na ya mwenzake ilikuwa na maji. Nililala usingizi mzuri sana siku ile.

Kazi ya pili ni uzito. Upepo ukizidi, mabaharia hutoka nje na kukaa juu ya miti ya rengu la joshini, upande upepo unakotoka, ili chombo kisilale. Upepo ukipungua mnarudi ndani haraka. Mnakwenda na kurudi hivyo kila pumzi ya upepo, na nahodha hatasema kila mara. Utajifunza kuhisi chombo kinavyoinuka chini ya makalio yako.

Kazi ngumu ni ya mtu wa omo, wa mbele. Ngalawa inapogeuza upande, tanga halipiti tu kama mlango. Nahodha hukiachia chombo kifuate upepo, kamba ya demani inalegezwa, na tanga zima linapepea mbele kama bendera. Kwa sekunde hizo mtu wa omo anaushika mguu wa foromali, anauvuta mpaka usimame karibu na mlingoti, anauzungushia mbele yake, anaupeleka upande wa pili na kuufunga. Anafanya hayo akiwa amesimama peku kwenye ubao mwembamba uliolowa, kamba zikipiga huku na huku. Nimemwona kijana wa miaka kumi na saba akifanya hivyo huku kauma ncha ya kamba kwa meno, asiangalie miguu yake hata mara moja. Wewe na mimi kazi hiyo tuiache.

Ni maneno gani lazima niyajue?

Kiswahili tunacho, lakini cha baharini kina msamiati wake, na nahodha hana muda wa kukutafsiria. Omo ni mbele, tezi ni nyuma. Tweka ni pandisha tanga, tua ni lishushe. Henza ni kamba inayopandisha foromali. Demani ni kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, ndiyo maana ule upande nao huitwa demani. "Kaza demani" na "legeza demani" utazisikia mpaka usingizini. Kubisha ni kwenda dhidi ya upepo kwa kukata huku na kule, kwa sababu hakuna chombo cha tanga kinachoweza kuukabili upepo uso kwa uso. Farumi ni uzito unaowekwa chini ya chombo kukituliza.

Haya yajifunze kabla ya kupanda basi. Mtu anayeuliza "henza ndiyo ipi?" wakati tanga linapaswa kushuka ameshachelewa.

Ni hatari kiasi gani? Familia yangu haitaki hata kusikia.

Wana haki. Nchi hii haijasahau Spice Islander ya Septemba 2011 wala Skagit ya Julai 2012, na hata huku milimani wapo waliopoteza watu. Hizo zilikuwa meli za abiria, si ngalawa za resi, lakini mama yako hatenganishi, na sitamlaumu.

Waambie ukweli. Resi za kijiji hufanyika mchana, mara nyingi ndani ya mwamba, ambako mawimbi makubwa huvunjikia nje. Watu wanatazama. Kwenye mashindano yaliyoandaliwa vizuri kuna boti za mashine zinazofuata, na sherehe kubwa huwa na askari wa KMKM, Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo cha Zanzibar, majini. Ukifika ukakuta hakuna boti hata moja ya kuokoa, usipande. Sijali umetoka mbali kiasi gani.

Sikiliza pia Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tangazo lao la upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 mnalisikia kila mara redioni na kulipita, kwa kuwa Moshi halituhusu. Likitajwa kwa Unguja na Pemba ndani ya wiki ya resi, linakuhusu wewe. Wavuvi wenyewe husema bahari haishi zinge, yaani haikosi misukosuko, na wakiahirisha hawaoni haya.

Vaa jaketi la kujiokolea. Vijana wa pale wanaweza wasivae. Wewe vaa, lako mwenyewe ulilolijaribu bwawani, lililofungwa mikanda yote.

Na tukipinduka?

Kaa na chombo. Mtumbwi ni gogo, na gogo halizami. Hata ukijaa maji utaelea na utaonekana. Kichwa cha mtu peke yake kati ya mawimbi hakionekani, na ufukwe unaoonekana uko karibu hauko karibu. Shika rengu au ubavu, hesabuni watu kwa sauti, na jiepushe na kamba na tanga lililolala juu ya maji, maana ndivyo vinavyofunga miguu. Mengine nahodha atayasema.

Wanawake wanaweza kushiriki?

Inategemea kijiji na nahodha, na sitakudanganya kwamba kila mahali ni sawa. Kuna manahodha wanaoona si kawaida mwanamke kupanda chombo cha uvuvi, na kuna wanaomtazama mtu kwa kazi yake tu. Dada mmoja wa Arusha tuliyekwenda naye alipewa henza baada ya siku tatu, kwa sababu alikuwa na mikono yenye nguvu na alifika dikoni alfajiri kabla ya wanaume wetu.

Kitu ambacho wageni hawakijui ni kwamba wanawake wa pwani ile wanaijua bahari sana. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989 na wakulima wake wengi ni wanawake. Wao hupanga siku zao zote kwa kupwa na kujaa. Ukitaka kujua maji yatakuwaje kesho, muulize mama anayerudi na gunia la mwani kichwani.

Naweza kwenda na mtoto?

Nenda naye, lakini asipande ngalawa ya resi. Ana resi yake. Watoto wa vijiji vile huchonga vingalawa vidogo, vina marengu na tanga la mfuko wa plastiki vyote kamili, na huvishindanisha kwenye maji ya kina kifupi wakivikimbilia kwa miguu. Mpwa wangu alimchongea mwanangu kimoja. Hadi leo kiko dirishani nyumbani.

Safari yenyewe ikoje?

Basi la Moshi hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560, siku nzima au usiku mzima. Toka mapema ili ulale Dar, kisha asubuhi panda boti bandarini. Ya kasi huchukua karibu saa mbili. Bila kitambulisho hutapanda, kwa hiyo chako kiweke mfukoni. Boti nyingi za kasi zinaitwa Kilimanjaro, na sijui mtu wa Moshi asiyejisikia vizuri akiliona jina lile ubavuni. Kutoka mjini Unguja kuna daladala za vijijini. Wenye haraka na fedha wana ndege kutoka KIA.

Nibebe nini?

Kidogo. Jaketi la kujiokolea. Fulana ya mikono mirefu na kofia ya kufunga kidevuni, kwa kuwa jua linakupiga juu na maji yanalirudisha kutoka chini. Weusi wetu hautuokoi na kuungua mabega. Viatu vya plastiki vyenye mkanda, maana kandambili zitachukuliwa na maji na mwamba una miiba. Glavu nyepesi: kamba ya nailoni ikikimbia mkononi inachuna ngozi kama kisu, na kovu langu la kiganja cha kulia ni la henza niliyoishika bila kuizungushia kitu. Maji ya kunywa. Simu ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, au afadhali mwachie mtu ufukweni.

Ukitembea kwenye maji ya kina kifupi buruta miguu usiinue, ili taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, waliojificha mchangani wakimbie. Ukichomwa na taa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, na uende hospitali.

Bahari ikinilevya?

Tazama mbali, pale mbingu inapokutana na maji, usitazame dumu lako. Usile mafuta asubuhi ile, lakini usikae na njaa. Tangawizi inasaidia wengine. Ukitapika, tapika upande wa demani, kisha endelea na kazi.

Kijijini kuna adabu gani?

Vaa nguo za heshima ukitoka ufukweni, kina dada na kina kaka pia. Wakati wa swala shughuli husimama, na Ijumaa mchana usimsumbue mtu. Mwezi wa Ramadhani usile hadharani. Pombe isifike dikoni kabisa. Nasema hivi kwa sababu sisi kwetu sherehe bila mbege haijakamilika, na kuna kikundi kilichosahau kwamba kimevuka maji.

Shikamoo itumie kwa wingi. Ukiingia barazani anza na salamu, ngoja ziishe zote, za nyumbani, za watoto, za safari, kisha useme shida yako.

Washindi hupata nini, nami nitapata fungu?

Zawadi hutegemea mwenye kutoa: fedha, nyavu, pengine mashine ya boti. Hugawanywa kama samaki wanavyogawanywa, kwa mafungu; chombo kina fungu lake, nahodha lake, mabaharia yao. Ukipewa fungu lipokee, kukataa ni kumwambia mtu kwamba kazi yake si kazi. Nililopewa mimi mara ya kwanza nilimrudishia mwenye ngalawa kwa kununua kitambaa cha kutilia viraka tanga, na hilo lilipokelewa vizuri.

Kuna pengine zaidi ya Unguja?

Pemba na Mafia wana vyombo na mabaharia hodari. Na kuna Lamu, kule Kenya, ambako mashindano ya jahazi na madau huambatana na Maulidi ya Mfungo Sita na tamasha la utamaduni la mwishoni mwa mwaka. Kwa Moshi Lamu haiko mbali kama watu wanavyodhani: unavuka Holili, Taveta, Voi, Mombasa, kisha pwani kwa basi. Lakini usianzie Lamu. Anzia unapojua mtu.

Nimpelekee nahodha zawadi gani kutoka Moshi?

Kahawa. Wazee wa pwani hunywa kahawa chungu barazani kila jioni, na ukisema hii imetoka kwenye kihamba cha baba yako, watataka kujua mti wake ukoje, unapandwa vipi chini ya migomba, mvua yake ni ya mwezi gani. Shemeji yangu ameniuliza hayo kwa saa nzima, kwa makini ileile aliyonifundishia upepo. Peleka kilo moja au mbili, ifunge mifuko miwili, na usiiache ndani ya ngalawa, kwa sababu humo hakuna kinachobaki kikavu.